Mtoto akichelewa kukaa, kutembea au kusema, usingoje

Katika mtaa mmoja wa Eastlands, Nairobi, nilikuwa na jirani mwenye mvulana wa miaka miwili na nusu ambaye hakuwa ametamka hata neno moja. Alikuwa mtoto mchangamfu, akipanda na kushuka ngazi za ploti siku nzima, na kila alipopelekwa kliniki muuguzi alimsifu mamake kwa kumlisha vyema.

Mama huyo alikuwa na wasiwasi, lakini kila aliyemuuliza alikuwa na jibu tayari. Mama mkwe alimwambia kwamba hata babake mtoto alianza kusema akiwa amefika miaka mitatu. Majirani walisema wavulana ndivyo walivyo. Mwalimu wa shule ya chekechea alidhani kwamba mtoto anachanganywa na Kikamba cha nyanya, Kiswahili cha yaya na Kiingereza cha baba. Kuna hata aliyeshauri akatwe ngozi ya chini ya ulimi. Wote hao walikubaliana juu ya jambo moja: atasema tu, wewe ngoja.

Alingoja. Mtoto alikuwa anakaribia miaka minne alipopimwa masikio na kupatikana kwamba ana upungufu mkubwa wa kusikia. Miaka hiyo yote mamake aliamini kwamba anasikia kwa kuwa aligeuka kila mlango ulipobamizwa. Kumbe alichokuwa akihisi ni mtikisiko wa sakafu, na alipoitwa aligeuka kwa sababu aliona wenzake wakigeuka.

Sisimulii kisa hiki ili kumlaumu mama huyo. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa majirani waliomwambia asiwe na wasiwasi. Nakisimulia kwa sababu neno "atakua tu", ambalo hutolewa kwa nia njema kabisa, humnyang'anya mtoto miezi ambayo hawezi kurudishiwa. Mtoto anapotimiza miaka mitatu, ubongo wake huwa umeshafikia zaidi ya robo tatu ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, na sehemu zinazoshughulika na lugha hujengeka kwa yale anayosikia na kuona katika miaka hiyo ya mwanzo. Asiyesikia hukosa hata kujua kwamba kuna kitu anachokosa.

Uzani mzuri hautoshi

Wazazi wengi wa mijini huwapeleka watoto kliniki bila kukosa hapo mwanzoni. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hazipiti, na mtoto akifika miezi 9 hupelekwa kwa chanjo ya ukambi. Baada ya hapo safari hupungua. Chanjo ya pili ya ukambi ni ya miezi 18, na wengi hawarudi: mama yuko kazini, yaya hajui tarehe, na mtoto mwenyewe haumwi na chochote.

Lakini ni katika kipindi hicho hicho, kati ya miezi 9 na 18, ambapo mtoto anatarajiwa kusimama, kutembea, kuonyesha vitu kwa kidole na kusema maneno yake ya kwanza. Kwa maneno mengine, matatizo mengi huanza kujitokeza wakati ambapo hakuna mhudumu wa afya anayemtazama mtoto.

Hata wale wanaofika kliniki aghalabu hupimiwa uzani, wakadungwa sindano na kurudi nyumbani, kwani foleni ni ndefu na muuguzi ni mmoja. Fungua kijitabu cha afya ya mama na mtoto ulichopewa ulipokuwa mja mzito. Mbali na ukurasa wa uzani, mna ukurasa mwingine wenye hatua za ukuaji: kutabasamu, kukaza shingo, kugeukia sauti, kukaa, kusimama, kutembea, kusema. Katika vijitabu vingi nilivyowahi kuonyeshwa, ukurasa huo haujaguswa na kalamu. Hakuna anayemkataza mzazi kuujaza mwenyewe.

Muda una mpaka

Ni kweli kwamba watoto hawalingani. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliwafuatilia watoto 816 wenye afya nzuri kutoka Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na matokeo yake yakachapishwa mwaka wa 2006. Kuna waliokaa bila kuegemea kitu kabla ya kutimiza miezi 4 na kuna waliokaa baada ya mwezi wa 9. Kuna waliotembea peke yao wakiwa na miezi 8, na wengine wakangoja hadi miezi 17 na nusu. Takriban 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja. Walipitiliza moja kwa moja hadi kusimama.

Kwa hivyo haina maana kuhangaika eti mtoto wa jirani alitembea akiwa na miezi 10 na wako ana mwaka mzima. Lakini takwimu hizo hizo zina upande wa pili ambao watu husahau. Karibu watoto wote hao walikuwa wanatembea kabla ya kutimiza mwaka mmoja na nusu. Wakati wa kila mtoto ni wake, naam, ila una mwisho.

Basi mzazi atazame nini? Mtoto wa miezi 3 ambaye hatabasamu anapochekewa, au hafuati uso wa mtu kwa macho, apelekwe akapimwe. Vivyo hivyo mtoto wa miezi 4 ambaye shingo bado inalegea, na wa miezi 9 ambaye hawezi kukaa mwenyewe. Kufikia mwaka mmoja, mtoto awe anabwabwaja silabi kama "bababa" na "mamama", ageuke akiitwa jina lake, na awe na ishara zake, kama vile kupunga mkono au kunyoosha mikono abebwe. Akifika miezi 18 awe anatembea, anaonyesha kwa kidole kitu kinachompendeza ili nawe ukione, na ana maneno kadhaa. Akifika miaka miwili awe anaunganisha maneno mawili: "mama kuja", "taka maji".

Nyumba zetu za mjini zina lugha mbili au tatu, kwa hivyo wakati wa kuhesabu maneno, hesabu ya lugha zote ijumlishwe. Mtoto anayesema "maji", "ball" na "cũcũ" ana maneno matatu. Lugha nyingi hazimcheleweshi mtoto kusema, na hakuna haja ya kumkataza nyanya asizungumze lugha yake. Kuwa mvulana pia si sababu. Wavulana wengine hutangulizwa na wasichana kidogo, lakini tofauti hiyo ni ndogo na haiwezi kueleza kimya cha mtoto wa miaka miwili. Na ngozi ya chini ya ulimi, ikiwa fupi, yaweza kutatiza kunyonya au matamshi ya sauti fulani. Haimfanyi mtoto akose kusema kabisa.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake huhesabiwa tofauti hadi atimize miaka miwili. Ikiwa alizaliwa miezi miwili mapema na sasa ana miezi 10, mtarajie kufanya yale ya mtoto wa miezi 8.

Kuna dalili nyingine ambazo hazihusu tarehe bali jinsi mwili ulivyo. Mama anayembadilisha mtoto nepi huzigundua mapema kuliko daktari: miguu ni migumu na hukatana kama mkasi, au mwili wote umelegea kama kitambaa kilicholowa. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja anayetumia mkono mmoja pekee, huku mwingine umekunjwa ngumi, si lazima awe wa mashoto. Katika umri huo mikono yote miwili inafaa kufanya kazi, na kupendelea mmoja mapema hivyo kwaweza kuwa ishara kwamba upande wa pili ni dhaifu.

Mambo mawili hayangoji hata wiki moja. La kwanza ni mtoto wa umri wowote anayepoteza alichokuwa akikijua: alikuwa anasema, amenyamaza, alikuwa anakaa, sasa anaanguka. La pili ni mtoto mchanga, hasa wa kati ya miezi 3 na mwaka mmoja, anayejikunja ghafla, kichwa mbele na mikono ikitanuka, kisha akaachilia, kisha akarudia tena na tena, mara nyingi anapoamka. Wengi hudhani ni msokoto wa tumbo au kushtuka tu. Yaweza kuwa aina ya kifafa inayouharibu ubongo haraka, na dawa husaidia zaidi zinapoanzishwa mapema.

Chanzo ni nini?

Vyanzo ni vingi, na mara nyingi hakipatikani hata kimoja. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, aliyepata manjano makali katika siku za kwanza, aliyeugua homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani, yuko katika hatari ya kupata mtindio wa ubongo au kupoteza uwezo wa kusikia. Wengine huzaliwa na hali kama ile ya Down. Usonji nao hausababishwi na malezi mabaya wala chanjo. Na wala hakuna lolote kati ya haya linalotokana na laana au mkono wa jirani. Nalitaja kwa sababu kina mama bado wanaachwa na waume zao kwa ajili ya uvumi wa namna hiyo, na wengine huwafungia watoto ndani wasionekane.

Kuna visababishi vingine ambavyo ni vya hapa hapa mtaani na vina tiba rahisi. Kimoja ni matege. Inashangaza kwamba katika nchi yenye jua kama hii watoto wa Nairobi wanaugua maradhi ya kukosa jua, lakini ndivyo ilivyo. Nyumba zimebanana hadi miale haifiki chini, na mtoto hukaa ndani na yaya tangu asubuhi hadi jioni. Jua linalopitia kwenye kioo cha dirisha halisaidii, kwani kioo huzuia ile miale inayotengeneza vitamini D mwilini. Mtoto wa namna hiyo huchelewa kutembea, vifundo vya mikono hupanuka, na kichwa hutoka jasho jingi. Akipewa vitamini D na madini ya kalsiamu kwa maagizo ya daktari, hupata nafuu.

Kingine ni upungufu wa damu kwa kukosa madini ya chuma. Chai ya maziwa na mkate, ambayo ndiyo kiamsha kinywa cha watoto wengi, haina chuma cha kutosha, na chai yenyewe huzuia kile kidogo kilichoko katika chakula kisiingie mwilini.

Hata hivyo, kwa mtoto anayechelewa kusema, jambo la kwanza kabisa ni masikio. Masikio yanayotoka usaha mara kwa mara hupunguza usikivu. Unaweza kumjaribu nyumbani kabla ya kwenda hospitalini: ngoja ashughulike na mchezo, simama nyuma yake mahali asipoweza kukuona wala kuona kivuli chako, kisha umwite kwa sauti ya kawaida. Usipige makofi wala kukanyaga sakafu kwa kishindo. Rudia siku nyingine. Asipogeuka, apimwe, na hata akigeuka lakini bado hasemi, apimwe vile vile, kwa maana kuna wanaosikia sauti nzito wasisikie nyembamba.

Pa kumpeleka

Anzia kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe, nako uombe barua ya kwenda kwa daktari wa watoto. Hospitali kubwa za kaunti huwa na wataalamu wa mazoezi ya viungo, na pia wale ambao huko hospitalini huitwa kwa herufi mbili tu, O.T., wanaomfunza mtoto kutumia mikono, kula, kuvaa na kucheza. Wataalamu wa kufunza kusema ni wachache zaidi na wengi wako mijini, jambo ambalo angalau linawafaa wasomaji wa ukurasa huu.

Mlango wa pili ambao wazazi wengi hawaujui uko upande wa elimu. Vituo vya serikali vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu, vinavyojulikana kama EARC, vilianzishwa mwaka wa 1984 kwa msaada wa serikali ya Denmark na vimeenea nchini, vingi vikiwa ndani ya shule za msingi za umma. Jina la elimu lisikuzuie: hata mtoto ambaye hajafikia umri wa shule hupokewa. Taasisi ya elimu maalumu ya KISE iliyoko Kasarani, Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1986, pia ina kituo cha kuwapima watoto. Kwa wenye shida ya viungo, chama cha APDK kimekuwa kikitoa huduma tangu mwaka wa 1958.

Ukiambiwa "mrudishe baada ya miezi sita tuone", una haki ya kuuliza tutafanya nini katika miezi hiyo sita. Kusubiri si matibabu. Mazoezi yanaweza kuanza hata kabla ya ugonjwa kupewa jina.

Kazi ya nyumbani

Kazi kubwa hufanyika nyumbani, na haihitaji vifaa vya bei. Mlaze mtoto kifudifudi akiwa macho, mara chache kila siku, ili shingo na mgongo vipate nguvu. Mpe sufuria, vifuniko, chupa yenye maharagwe iliyofungwa vizuri. Ile woka yenye magurudumu iache dukani: haimfundishi mtoto kutembea, humwangusha kwenye ngazi na jiko, na nchini Kanada ilipigwa marufuku mwaka wa 2004.

Zungumza naye ukiwa umeshuka hadi usawa wa macho yake, na jambo gumu zaidi kwa sisi watu wa haraka, nyamaza umngoje. Muulize, kisha uhesabu moja hadi kumi moyoni. Akisema "maji", mjibu "maji baridi". Akionyesha kikombe kwa kidole, litaje jina lake kabla ya kumpa. Runinga haifanyi kazi hii kwa sababu haimngoji mtu. WHO mwaka wa 2019 ilishauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, wa mwaka mmoja haifai, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Simu anayopewa mtoto ili anyamaze humnyamazisha kweli.

Mtoto mwenye miguu migumu asivutwe kwa nguvu. Kumbeba mgongoni kwa leso au ubavuni, miguu ikiwa imetanuka, ni zoezi tosha ambalo nyanya zetu walilifanya bila kulipia. Asilishwe akiwa amelala chali, kwa kuwa chakula huingia kwenye mapafu na kuleta nimonia. Akalishwe wima, kichwa kikiinama mbele kidogo. Wasio na pesa za kiti maalumu wanaweza kutengenezewa cha maboksi na makaratasi yaliyogandishwa kwa uji wa unga, ufundi uliotoka Zimbabwe. Kikikauka huwa kigumu kama mbao, lakini lazima mtaalamu ampime mtoto kwanza, maana kiti kisichomtosha humpinda zaidi.

Na kwa mtoto asiyesikia, usiogope lugha ya ishara. Haimzuii kujifunza kusema, na Lugha ya Ishara ya Kenya inatambuliwa na Katiba ya mwaka wa 2010. Jirani yangu alijifunza ishara zake za kwanza pamoja na mwanawe, na vifaa vya masikio vilipopatikana wakaendelea na vyote viwili. Siku hizi mvulana huyo hagombwi tena kwa "utundu". Mengi ya yale yaliyoitwa utundu yalikuwa ni kutosikia alichoambiwa.

Siku ya kwenda kliniki beba kile kijitabu, pamoja na video fupi ya simu inayoonyesha mtoto akicheza na akifanya lile linalokutia wasiwasi, kwa sababu mbele ya daktari huenda akalala fofofo au akalia tu. Ikiwezekana nenda na yaya, kwa kuwa yeye ndiye anayekaa na mtoto saa kumi kwa siku na huenda ameona mambo ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Usiondoke kabla hujaandikiwa tarehe ya kurudi.